Mji wa Kupumzikia: Habari za Arusha na Mlima Meru

Wengi hutuuliza ni mji gani uwafaao watu wa nyumba moja wapatapo likizo. Shauri letu ni Arusha. Lakini kwanza tuwasimulie kosa letu, msije mkalitenda na ninyi.

Mara ya kwanza tulikwenda huko kwa kuvutwa na sifa tu, wala hatukuuliza habari za majira. Ulikuwa mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Mvua ikanya siku nne, watoto wakajikunyata kwa baridi, na Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ukafunikwa na mawingu hata tukaondoka bila kuuona. Akiba ya mwaka mzima ikaishia katika chumba cha nyumba ya wageni.

Mwaka uliofuata tulikwenda mwisho wa Desemba, mvua za vuli zilipokatika. Asubuhi ya kwanza tulifungua dirisha, na tazama, mlima u wazi mbele yetu, toka msituni hata kileleni. Hewa yapendeza, kwa kuwa mji umeinuka mita zipatazo 1,400 juu ya bahari. Mito ya Themi na Naura yapita mjini, na kando ya mlima migomba na mikahawa yastawi.

Wasafiri wengi huufanya mji huu kuwa mlango tu: hulala usiku mmoja, kisha huenda Serengeti au Ngorongoro. Mwenye fedha na afanye hivyo. Lakini sisi wenye mfuko mwepesi tuliona mengi karibu. Tuliliona Boma la Wajerumani, ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho, na makumbusho ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Siku nyingine tukashika njia ya Usa River iendayo Ngare Nanyuki, nayo yapita ndani ya Hifadhi ya Arusha. Humo tukawaona twiga na pundamilia.

Tulipofika Ngare Nanyuki, mzee mmoja alitukaribisha, akawasimulia watoto ya kwamba mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa hapo Wameru wapata 3,000, nyumba zikachomwa moto, ili nchi wapewe walowezi. Mwaka 1952 Wameru wakamtuma Kirilo Japhet hata New York, akalinena shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Mtoto wetu mkubwa akauliza, “Baba, mbona hukutuambia habari hizi?” Tukanyamaza, kwa maana sisi wenyewe hatukuzijua sawasawa. Njiani kurudi, hakuna aliyetaja twiga. Wote walimtaja yule mzee.

Basi, atakaye bahari, Arusha haimfai; na aende Tanga au Unguja. Atakaye hewa safi, na mambo ya kuwafunza wanawe, na aende Arusha. Lakini asiende tangu Machi hata Mei, kwa ajili ya masika. Na aendaye Juni au Julai achukue nguo nzito. Ulizeni bei ya chumba kabla ya kushusha mizigo. Tena mkikutana na wazee, msiwapite kwa salamu tu. Kaeni kitako mwasikilize.

Nanyi mkirudi, tuleteeni habari za mliyoyaona.