“Otomatiki Haiguswi”

Hapa Nakivale, ukitaka kumtisha mwenye gari usimwambie injini imekufa. Injini inafunguliwa chini ya mwembe, vipande vinapangwa kwenye gunia, kila mtu anaona. Mwambie unataka kugusa giaboksi yake ya otomatiki. Sisi tuliotoka Bukavu tunaiita bwati ya vitesi, Waganda wanasema giaboksi, lakini hofu ni moja. Mafundi wengi wa Base Camp watakupa jibu lile lile: otomatiki haiguswi, ukiweka mafuta mapya wiki haiishi, gari inalala.

Baba mdogo aliamini hivyo kabisa. Ana Toyota Premio ya zamani, anafanyia spesho mpaka Mbarara. Ninyi ndugu wa mashirika mnaosoma hapa, msidhani hiyo gari ni utajiri. Aliinunua na wenzake watatu kwa pesa ya kikundi cha akiba, na deni bado lipo. Tangu 2023, wakimbizi wa Uganda tulipogawanywa makundi matatu ya chakula, nyumba yetu iko kwenye kundi lisilopata kitu, na tuko watu tisa. Kwa hiyo ile Premio ndiyo shamba letu. Usiku mama akishikwa na uchungu mtaani, wanakuja kugonga kwa baba mdogo.

Mwaka huu ikaanza ugonjwa. Asubuhi akiweka D, gari inasimama kwanza kama mtu anayewaza, halafu inaruka mbele na kishindo. Kwenye mlima, ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini inalia sana lakini mwendo hauongezeki. Fundi akasema: endesha hivyo hivyo mpaka ife, ndipo mtafute giaboksi iliyotumika. Mtafute kwa pesa gani, hakusema.

Mimi kazi yangu ni vijana, si magari. Ila likizo mbili za sekondari nilizimaliza nikiosha vyuma kwenye gereji moja Mbarara, na mzee wa pale alipenda kueleza. Alisema gari ya kawaida ina klachi unayokanyaga kwa mguu. Kwenye otomatiki mafuta yenyewe ndiyo mguu. Yanapeleka nguvu ya injini kupitia kitu cha mviringo kinachoitwa konveta, yanabana visahani ili gia ishike, yanalainisha, tena yanapoza. Yakipikwa na joto miaka kumi, na unga wa vile visahani ukajaa ndani, yanakuwa mtumishi mchovu. Yakiwa mazima ni mekundu kama juisi ya rozela. Ya baba mdogo yalikuwa meusi, na yananuka kama ugali ulioungua.

Sasa ile hofu ya mafundi si ujinga mtupu. Wenye magari wengi hawagusi mafuta mpaka gari igome. Visahani vimekwisha, ndipo wanabadilisha, gari inakufa, lawama inaenda kwa mafuta mapya. Ni kama mgonjwa aliyeletwa saa ya mwisho: dawa ya mwisho ndiyo inasemwa imemuua. Lakini pia kuna mashine zinazosukuma mafuta yote kwa nguvu mara moja, na kwenye giaboksi iliyochoka hiyo inaweza kutibua uchafu uliotulia. Kwa hiyo nilimwambia baba mdogo: tutoe kidogo kidogo. Ukifungua nati ya chini, hayatoki yote, mengi yanabaki kwenye konveta. Tukichukulia kwamba inatoka nusu, mara ya kwanza unapata nusu mapya, mara ya pili robo tatu, mara ya tatu sehemu saba kati ya nane. Katikati unaiacha itembee wiki mbili.

Alinyamaza siku nne. Siku ya tano akasema, “Mwanangu, ikifa?” Nikamjibu, “Baba, hivi inavyokwenda itakufa tu.” Hakufurahi, lakini alinipa pesa.

Tatizo kubwa likawa dukani. Mwenye duka Mbarara alinitolea jerikeni nyekundu, eti mafuta ya otomatiki ni mafuta ya otomatiki. Si kweli, wangu. Rangi ni moja, kazi si moja. Dipstiki yetu, kile kijiti cha kupimia, imeandikwa T-IV, na jerikeni ilikuwa Dexron III. Tuligundua maandishi hayo kwa sababu ya binti mmoja wa kikundi changu cha Jumamosi. Alikipangusa kijiti kwa kitambaa na macho yake ni mazuri kuliko yangu. Nilizunguka maduka matano mpaka nikapata T-IV. Ilikuwa ghali zaidi, na nauli ya kurudi nikakopa.

Kazi yenyewe haikuzidi saa mbili. Tulipandisha magurudumu ya mbele juu ya magogo mapana, ya nyuma tukayazuia kwa mawe. Jeki peke yake simruhusu mtoto wa mtu aingie chini yake. Kabla ya kufungua chochote tulihakikisha ni nati ya giaboksi, maana ya injini iko jirani, na kuna watu wamemwaga isiyo yake. Mafuta yalitoka kwenye beseni. Yalipopoa tukayapima kwa chupa za maji za lita moja na nusu: mbili, kasoro vidole viwili. Tukayachuja kwenye kitambaa cheupe. Ulibaki unga mweusi laini, vipande vya chuma hakuna. Hapo baba mdogo alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Tukarudisha kiasi kile kile kilichotoka, kwa mpira mwembamba kupitia tundu la dipstiki. Kisha akazunguka mpaka gari ikapata moto, akasimama mahali tambarare bila kuzima injini, mguu kwenye breki, akapitisha gia zote taratibu na kurudi P. Ndipo ukavuta kijiti. Yalifika kwenye alama ya HOT. Ukipima ikiwa baridi na injini imezimwa, unajidanganya.

Yale meusi hatukumwaga. Ziwa liko karibu, na watu wanakunywa. Wazee walikuja na makopo, wakapaka nguzo za nyumba zao dhidi ya mchwa.

Tumeshafanya mara mbili. Asubuhi D inashika bila kishindo. Kwenye mlima, gari ikijaa abiria, bado inateleza kidogo ile ya pili kwenda ya tatu, na sijui kama itapona. Yule fundi alipita juzi, akainama, akanusa dipstiki, akaondoka bila neno. Jana alimtuma kijana wake kuuliza duka ni lipi.

Lita za mara ya tatu ziko chini ya kitanda changu. Baba mdogo amesema Jumamosi nati atafungua mwenyewe, mimi nishike beseni.