Gia Inacheza

Sheria za daftari la uhandisi ni chache, na karibu zote zinapingana na namna tulivyofundishwa kuandika shuleni. Daftari liwe la kushonwa, si karatasi za kuchomeka kwenye faili. Kila ukurasa upewe namba kabla neno la kwanza halijaandikwa. Andika kwa peni. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke, kisha weka herufi za jina lako pembeni. Hakuna kuchana karatasi, hakuna Tipp-Ex, hakuna kunakili upya. Nafasi ikibaki wazi, ikate kwa mstari ili mtu asije akaijaza kesho. Mwisho wa siku andika tarehe, aliyeandika atie saini, na mwingine aliyeishuhudia kazi atie yake.

Sasa mkumbuke mwanafunzi wa Kitanzania na madaftari yake. Tangu darasa la kwanza ameambiwa kwamba daftari zuri ni daftari safi. Kosa hufutwa kwa ufutio mpaka karatasi inatoboka. Ana daftari la rafu na daftari la kumpelekea mwalimu, na linalohesabika ni hilo la pili. Ukurasa ukiharibika, karatasi huchomolewa katikati, kwenye pini, ambako haiachi kovu. Siku ya kukusanya madaftari majibu yote yapo, lakini hakuna anayeweza kuona njia aliyopita mtu kuyafikia.

Timu ya roboti ninayoizungumzia ni ya shule moja ya sekondari jijini Dar es Salaam. Walikuwa wanafunzi kumi na mmoja, wakikutana Jumamosi kwenye maabara ya fizikia, na sanduku lao la vifaa lilifungwa kwa kufuli mbili. Mwalimu wao alinitafuta kwa sababu nasoma shahada ya uzamili ya isimu. Alidhani mtu wa lugha ndiye wa kunyoosha Kiingereza cha daftari kabla ya mashindano. Nilimjibu kwamba nitakuja, ila peni sitashika. Mashindano ya aina hii hutaka daftari liwe kazi ya wanafunzi wenyewe, na jaji mzoefu huitambua sentensi ya mtu mzima akiiona. Mwalimu akacheka, akasema basi nije nikae tu.

Nikakaa. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba timu ile ilikuwa inafanya kazi kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Kwenye meza, kila kitu kilikuwa Kiswahili, tena Kiswahili cha gereji: cheni imeruka meno, nati imekufa, waya umekatikia ndani, hiyo mota inalia kwa sababu umeibana sana. Ikifika saa tisa, katibu anavuta kiti, anafungua kaunta buku, na Kiingereza kinaanza. Niliyasoma maandishi ya wiki nne za kwanza. Mengi yalikuwa sentensi mbili zilezile, ambazo kwa Kiswahili zingekuwa: mota haikufanya kazi vizuri; tulijadiliana, tukairekebisha.

Mtu asije akadhani ni watoto wavivu au wajinga. Wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza wakakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Mtoto huyo hujifunza haraka kuokota sentensi ambazo ana uhakika nazo na kubaki humo. Anachokiacha nje ni kile asichokuwa na uhakika jinsi ya kukisema, nacho mara nyingi ndicho alichokiona kwa macho yake.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi kulitambua. Kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu ambaye wenzake walimwita Fundi. Amekulia jirani na gereji ya mjomba wake, na alikuwa na tabia ya kuweka kidole kwenye mashine kabla ya kusema lolote, kama mama anayempima mtoto homa. Kitu kikikwama, ndiye aliyeitwa. Lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kukwepakwepa, kwa hiyo hakuandika, na katibu naye hakumwandika. Katika wiki zile nne jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mahudhurio tu. Ukilisoma daftari bila kuwajua watu wenyewe, ungedhani alikuwa anakuja kufagia.

Hapo ndipo zile saini zinapopata maana. Zamani zilikuwa na kazi ya kisheria. Novemba 1957, Gordon Gould, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliandika katika daftari lake wazo la kifaa alichokiita leza, kisha akalipeleka kwa mthibitishaji wa nyaraka aliyekuwa na duka la peremende, apigiwe mhuri. Alibishana na wengine kuhusu haki za uvumbuzi ule kwa miaka mingi. Hataza yake ya kwanza ya leza katika kesi hizo aliipata 1977. Daftari lile lilikuwa shahidi wake. Marekani wakati huo iliangalia nani alivumbua kwanza, na tarehe yenye saini ya shahidi ilikuwa mali. Tangu Machi 16, 2013, sheria yao inamwangalia aliyewasilisha maombi kwanza, hivyo ile sababu ya zamani imepungua nguvu. Lakini mashindano ya wanafunzi yameendelea na tarehe na saini, na nadhani yamefanya vizuri. Ukiiondoa mahakama, saini bado inajibu swali dogo lenye uzito: nani alikuwepo, na nani aliona?

Tukazungumza Jumamosi iliyofuata, timu nzima. Pendekezo langu lilikuwa jepesi. Kurasa za kushoto ziandikwe palepale mezani, kwa lugha inayotoka mdomoni, na aliyeona ndiye ashike peni. Kurasa za kulia ziandikwe saa tisa, kwa Kiingereza, kutokana na zile za kushoto. Kapteni, kijana mwerevu wa kidato cha nne, hakupenda. “Dada, majaji wataona tuna daftari la rafu ndani ya daftari.” Wengine waliona ni nafuu tu. Kura zikapigwa, kushoto ikashinda kwa kura mbili.

Ukurasa wa 42, wa kushoto, una historia ya mkono wa roboti. Kazi ya mkono ilikuwa kuinua boksi dogo hadi kwenye rafu. Asubuhi walijaribu mara kumi, ikafaulu mara tisa. Baada ya chakula cha mchana, mara nne. Kapteni akaandika: chanzo ni betri, imechoka. Ni wazo zuri. Betri huchoka kadiri siku inavyokwenda, na mkono ulikuwa unachoka vilevile. Wakaweka betri iliyojaa, wakaipima, ikasoma zaidi ya volti 12. Wakajaribu tena mara kumi. Mara nne. Akaandika: chanzo ni mota, haina nguvu. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mota nyingine na nani ataongea na mkuu wa shule.

Fundi alikuwa ameinama, anauangalia mkono ukipanda. Akasema, “Gia inacheza.” Akaambiwa gia ziko sawa, zimehesabiwa: yenye meno 12 inazungusha yenye meno 60, nguvu ya kuzungusha inapanda mara tano na kasi inashuka mara tano, hesabu iko ukurasa wa 30. Akasema hasemi hesabu. Anasema mkono ukifika pale unapolala sambamba na sakafu, pale boksi linapouvuta kuliko popote, gia inateleza kidogo kwenye shafti, halafu inashika tena.

Hakuna aliyeiona. Basi akachukua Tipp-Ex, ileile iliyopigwa marufuku kwenye daftari, akachora mstari mweupe mmoja unaoanzia kwenye gia na kuishia kwenye shafti, kama mafundi wanavyotia alama ya rangi kwenye nati waliyoikaza. Mkono ukainua mara tatu. Mstari ukawa vipande viwili vilivyoachana upana wa ukucha. Skrubu ndogo inayoibana gia kwenye shafti ilikuwa imelegea, na ilizidi kulegea kila mkono ulipoinua. Ndiyo maana tatizo lilikuwa jepesi asubuhi na zito mchana, likavaa sura ya betri. Wakaikaza, wakajaribu mara kumi. Mara kumi.

Yote haya yako ukurasa wa 42, kwa mwandiko wake, mkubwa na uliolala. Ameandika: gia inacheza kwenye shafti, nimeweka alama, alama imekatika. Saa tisa katibu alipokuwa anaandika ukurasa wa kulia, mmoja akamcheka kwa kutafsiri kucheza kama mtoto anavyocheza uwanjani. Hapo nilifurahi kwamba nimesoma isimu. Niliwaeleza kwamba wahandisi wa Kiingereza nao, kipande kikiwa na nafasi ya kutikisika pasipotakiwa, husema kina mchezo, kwa neno lilelile la kucheza. Gereji ya mjomba wake na vitabu vya uhandisi wa mashine vimefikia picha moja. Fundi hakusema kitu. Alilivuta daftari, akaangalia jinsi neno lile linavyoandikwa, akalirudisha.

Shida ilikuja siku mbili kabla ya mashindano. Kapteni alitaka karatasi yenye ukurasa wa 42 iondoke, yaliyomo yaandikwe upya kwa usafi: tatizo, sababu, suluhisho. Simlaumu. Ukurasa ule ulikuwa na majibu yake mawili, yote mawili yakiwa na mstari juu, na chini yake jibu la mtu ambaye wiki chache nyuma hakuwa hata anaandikwa. Alikuwa na hoja pia. Shule ilitoa fedha. Mkuu wa shule angelisoma daftari. “Wakisoma hii wataona tulikuwa tunabahatisha,” alisema.

“Si tulikuwa tunabahatisha?” Fundi akajibu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Mwalimu alisema jambo moja tu: karatasi hiyo ikitoka, namba zitatoka 40 hadi 43, na kila atakayelishika daftari atajiuliza kilichokuwa hapo. Mimi niliwaambia habari za nondo. Septemba 9, 1947, waendeshaji wa kompyuta ya Mark II huko Harvard walimkuta nondo amekwama ndani ya mashine, wakambandika kwa selotepu kwenye daftari lao la kumbukumbu. Ukurasa ule sasa umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Ingekuwa daftari safi, nondo angefagiwa na hakuna ambaye angejua kilichoisimamisha mashine siku ile.

Kapteni alinyamaza muda mrefu. Kisha akavuta peni na kufanya kitu ambacho hakuwa amekifanya siku ile ya kwanza: akaweka herufi za jina lake kando ya “betri” na kando ya “mota”. Akamsogezea Fundi daftari, atie saini ya shahidi. Kwa kijana wa miaka kumi na saba, anayeongoza timu, mbele ya wasichana na wavulana wanaomwangalia, niliona ni jambo zito kuliko kujenga mkono wa roboti.

Hawakupata kombe. Walimaliza katikati ya msimamo. Jaji mmoja alifungua kurasa za kushoto, akauliza zinasema nini, na Kapteni akamwonyesha Fundi kwa mkono. Fundi alieleza kwa Kiswahili na Kiingereza vilivyochanganyika, akizungusha vidole hewani pale maneno yalipoisha. Zawadi ya daftari ilikwenda kwa timu nyingine, yenye daftari lililopangwa vizuri kuliko lao.

Kuna mashindano yaliyoamua kwamba daftari zima ni mzigo kwa majaji. Katika FIRST Tech Challenge, tangu msimu wa 2020–2021, majaji husoma muhtasari usiozidi kurasa 15 bila jalada. Naelewa, jaji ana dakika chache na timu nyingi. Lakini muhtasari huandikwa na mtu anayejua mwisho wa hadithi, na anayejua mwisho huona njia ilikuwa imenyooka. Katika kurasa 15, betri na mota zingekuwa za kwanza kuondoka. Baada yake ingeondoka Tipp-Ex, na Fundi angebaki kwenye picha ya pamoja, mstari wa nyuma.

Januari timu mpya ilianza daftari jipya. Fundi yuko kidato cha nne, Jumamosi zake sasa ni za mitihani. Mwezi uliopita nilipita kuwasalimia, nikafungua kurasa za kushoto. Ukurasa wa 6 una mstari mmoja juu ya neno “betri”, na herufi za jina pembeni. Chini yake, kwa mwandiko wa kijana wa kidato cha kwanza ambaye hakuwepo siku ile, pameandikwa: “Angalia kwanza kama gia inacheza. Daftari la kwanza, uk. 42.”