ALIKOSA SENDOFF KISA KOMPAILA, KUMBE KOSA LILIANZA MBALI

Jumamosi saa 11 jioni. Shati limeshapigwa pasi, viatu viko mlangoni, na jamaa bado kakaa mbele ya kompyuta na kaptura yake. Sendoff ya dada wa mpenzi wake inaanza saa 12 Kinondoni, yeye yuko Sinza. Bibie kashapiga simu mara tatu. Jibu ni lile lile: "Dakika kumi tu babe, namalizia."

Hizo dakika kumi zikafika saa 5 usiku.

Usimhukumu haraka. Huyu kaka ni fundi simu, kaishia kidato cha nne, mambo ya kompyuta kajifundisha mwenyewe usiku. Kuna karakana moja inatengeneza vifaa vya kuongozea joto kwenye mashine za kutotolesha vifaranga. Walimpa mtihani wa kazi: Jumatatu aje na kroskompaila aliyoijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo. Siyo ile ya kupakua ikiwa tayari.

Kwa ambao haya mambo ni mageni: kompaila ya kawaida inageuza msimbo kuwa programu ya kompyuta hiyo hiyo unayotumia. Kroskompaila inakaa kwenye kompyuta yako lakini inatoa programu ya mashine nyingine. Hapa mashine nyingine ni chipu ndogo ya ARM, ambayo haina hata nafasi ya kuendesha kompaila yenyewe. Yaani unapika kwako, kinaliwa kwa jirani.

Kazi ina mpangilio wake. Kwanza unajenga binutils, ndani yake kuna asembla na linka. Ikikaa sawa ndo unaingia kwenye GCC yenyewe.

Ijumaa usiku binutils ikaisha bila kelele. Jamaa akafurahi. Kuingia GCC, ikagoma hapo hapo: inataka GMP, MPFR na MPC, maktaba tatu za hesabu. Hilo dogo, ndani ya folda ya GCC kuna skripti inaitwa download_prerequisites, ukiiendesha inazileta zote. Bando likaenda, lakini kikaeleweka.

Alfajiri ikafa tena. Safari hii aliandika make -j8, maana yake kazi nane kwa mpigo, kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4. Kumbukumbu ikajaa, mfumo ukaua cc1plus katikati ya kazi. Akapunguza ikawa kazi moja moja. Ikatambaa kama foleni ya Mwenge jioni, ila ikatembea.

Halafu ndo ikaja ile ya Jumamosi saa 11. Ilipofika libgcc ikasimama, ikasema haiwezi kujua kiambishi cha mafaili inayotengeneza. Kiambishi gani sasa? Jamaa akaisoma ile mistari ya mwisho mara ishirini. Akafuta folda, akaanza upya. Ikagoma pale pale. Akapakua GCC nyingine, ikagoma pale pale. Akazima kompyuta akaiwasha, kama vile ni king'amuzi.

Saa 5 usiku meseji ikaingia: "Umeniaibisha mbele ya ukoo mzima. Usinitafute tena."

Jumapili akaenda kwa fundi mwenzake, kaka mtu mzima aliyemfundisha kushika kisu cha risasi. Yule kaka hakuuliza mengi. Akauliza tu, "Hiyo ni mistari ya mwisho. Ya juu umesoma?"

Kumbe ule ujumbe unaokuja mwisho ni kilio tu, ugonjwa wenyewe uko kwenye faili la config.log. Tena hayo mafaili yako mengi, kila folda na lake. Linalotakiwa ni lile la folda ya libgcc, ndani ya arm-none-eabi. Wakalifungua, wakapanda juu taratibu. Pale katikati: asembla inalalamika haijui amri ya -meabi=5.

Amri hiyo ni ya ARM. Asembla ya ARM ingeijua. Maana yake iliyoitwa ni asembla ya kompyuta yenyewe, siyo ile aliyoijenga Ijumaa. Kwa nini? Wakaangalia. Ijumaa, kwenye binutils, alielekeza zana zikae kwenye folda ya "kros". Kwenye GCC akaelekeza folda ya "cross". Herufi mbili! Na kwenye PATH hakuweka yoyote. GCC ikatafuta zana zake, ikazikosa, ikaokota ya jirani.

Kosa lilifanyika Ijumaa kimya kimya, likaja kulia Jumamosi.

Wakajenga binutils upya kwenye folda sahihi, wakaiweka kwenye PATH, wakafuta folda ya ujenzi ya GCC na kuanza mwanzo. Usiku wa manane libgcc ikapita. Akaandika programu ya mistari mitano, akaipitisha, akaikagua kwa amri ya file. Jibu: ARM.

Ndo usingizi ungekuja, lakini wapi. Akafungua WhatsApp. Mistari ya mwisho alishaijua, inasema sendoff. Akaanza kupanda juu.

Akapita Agosti, akapita Julai. Meseji za bibie zilikuwa fupi fupi, "sawa", "poa", "usiku mwema". Akafika Juni. Pale bibie aliandika: "Hivi ile hela yangu vipi? Nataka nianze kununua mzigo wa vitenge." Ilikuwa laki nne, zamu yake ya mchezo, aliyompa jamaa Machi anunue kompyuta hiyo hiyo. Jamaa aliahidi mwezi mmoja. Na siku ile ya Juni alijibu kwa vikatuni viwili vya kucheka, akahamia kwenye mechi ya Simba.

Baada ya hapo bibie hakuuliza tena. Jamaa akadhani yameisha.

Asubuhi, kabla ya kupeleka kazi yake karakana, hakuomba msamaha wa sendoff. Alituma laki moja na nusu, yote aliyokuwa nayo, akaandika: "Hii ni ya ile laki nne. Inayobaki nitakupa elfu hamsini kila mwisho wa mwezi. Ulivyoniuliza Juni nilikukwepa."

Kazi wamempa, miezi mitatu ya majaribio. Bibie alijibu baada ya saa mbili: "Nimeiona. Kumbe ulikuwa unakumbuka."

Mpaka sasa hajaandika kingine, na jamaa hajapiga simu. Mdau, ungekuwa wewe ndo bibie ungemrudia, au ungesubiri kwanza laki nne itimie? Tiririka hapo chini.