Alama Ndogo Katika Jina



Tulikuwa mafrateri watatu katika utume wa likizo huku Kasokola. Kipaimara kilikuwa kinakaribia, nasi tukajitolea kuhamishia daftari la kigango kwenye kompyuta. Tulikuwa tumejifunza PHP kidogo, lugha aliyoianzisha Rasmus Lerdorf mwaka 1994 kwa ajili ya ukurasa wake binafsi. Tukaona ni kazi ya jioni mbili tu. Kila jina tulilojaza, kompyuta ilijibu: "Limehifadhiwa."

Jumapili baada ya Misa orodha ikasomwa. Mama mmoja akabaki amesimama na mwanae, hawakuitwa. Baba mwingine naye vilevile. Katekista akafungua daftari lake, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akatuambia kwa upole: "Mafrateri, waliokosekana ni saba, na wote majina yao yana Ng'."

Ilikuwa kweli. Wengi wao ni wa familia za Kisukuma zilizohamia Katavi na mifugo yao.

Usiku ule tuliichunguza kazi yetu. Katika amri ya kuhifadhi tulikuwa tumebandika jina moja kwa moja: VALUES ('$jina'). Maria alipita bila shida. Lakini jina kama Ng'wandu lina alama ileile inayofunga maneno katika amri. Hifadhidata ikaona jina limeishia Ng, ikashindwa kuelewa "wandu", ikaikataa amri nzima.

Kosa la pili lilituumiza zaidi. Hatukuuliza kama amri imekubaliwa. Kompyuta ile ilikuwa na toleo la PHP la kabla ya 8.1, na katika matoleo hayo mysqli_query ikishindwa hurudisha false kimyakimya. Sisi tuliandika "Limehifadhiwa" bila kutazama jibu.

Mmoja wetu akapendekeza tuifute alama hiyo katika majina. Katekista akatikisa kichwa. "Frateri, ng'ombe na ngome ni kitu kimoja?" Tukanyamaza. Tulitaka kubadili majina ya watu ili kuficha udhaifu wa kazi yetu.

Dawa yenyewe haikuwa ngumu. Amri huandaliwa kwanza kwa prepare, mahali pa jina pakiwa na alama ya kuuliza: VALUES (?). Jina hupelekwa baadaye, peke yake, nalo hubaki jina lolote liwalo. Njia hiyo pia huzuia mtu mwenye nia mbaya kuingiza amri ya kufuta orodha nzima kupitia fomu. Kisha tukahakikisha ujumbe wa mafanikio unatokea tu pale hifadhidata inapokubali, na kosa likitokea linaonekana.

Tulijaza upya majina saba, tukayalinganisha na daftari moja moja. Siku iliyofuata tulikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Yule mama alitukaribisha uji, akasema mwanae alilia akidhani amekataliwa na Kanisa.

Injili ya Yohane inatufundisha kwamba mchungaji huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Tulikuwa tumeihubiri mara nyingi. Sasa, kabla ya kusema kazi imekamilika, tunajaza kwanza jina lenye Ng', kisha tunakwenda kuangalia kama kweli limo.