Kukamatwa si Kuhukumiwa

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina mahali pake, lakini mahakamani haina kiti. Mimi ni mzaliwa wa sehemu zinazopakana za Migori na Homa Bay, na tangu utotoni nimesikia watu wakishikilia mambo matatu: kwamba polisi hawamkamati mtu bure, kwamba aliyetiwa pingu ana lake alilolitenda, na kwamba aliyepewa dhamana amemhonga mkubwa fulani. Imani hizi ni ndugu wa tumbo moja. Nazipima hapa kwa visa viwili vilivyozitikisa kaunti zetu.

Mnamo Septemba 2018, mwanafunzi mja mzito wa Chuo Kikuu cha Rongo, katika kaunti ya Migori, alitekwa nyara. Mwili wake ulipatikana katika msitu wa Kodera, Homa Bay. Aliyekuwa gavana wa Migori wakati huo alishtakiwa pamoja na wengine kwa mauaji, nao wakakana. Oktoba mwaka huohuo, Mahakama Kuu ilimpa gavana huyo dhamana kwa masharti. Kwetu wengi walisema kwamba kesi imekwisha.

Uchungu wao ulikuwa wa haki, bali hoja yao haikuwa ya kweli. Dhamana si msamaha. Ni ahadi ya mshtakiwa kwamba atarudi kortini kujibu mashtaka. Kabla ya Katiba ya 2010, aliyeshtakiwa kwa mauaji hakuwa na haki hiyo. Kifungu cha 49 cha Katiba hii kinampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti ya kadiri, isipokuwa pawepo sababu nzito za kumzuilia. Kifungu cha 50 nacho chasema kwamba mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka hatia ithibitishwe.

Yamkini msomaji atauliza: mbona mwizi wa kuku husota rumande kwa kukosa shilingi elfu chache? Swali hilo ni zito. Haki ni moja, lakini mifuko si sawa. Hata hivyo, dawa yake si kumnyima mkubwa dhamana, bali ni kumwekea mdogo masharti anayoyamudu.

Kisa cha pili chaonyesha gharama ya imani zile. Tarehe 7 Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu kijana aliyeandika pia mitandaoni, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa madai ya kumchafulia jina afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi, na keshoye akawa maiti. Polisi walidai kwamba alijigonga kichwa ukutani akiwa seli. Wataalamu walioupasua mwili walikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine, wakasema kuwa hayaelekei kuwa ya kujiumiza. Ojwang hakupata kusimama mbele ya hakimu yeyote. Kwake yeye, kukamatwa kuligeuka kuwa hukumu.

Hapa ndipo visa hivi viwili vinapokutana. Kinga tuliyoilaani ilipomfaa gavana ndiyo iliyokosekana mwalimu alipoihitaji. Hatuwezi kuibomoa kwa mmoja na kutarajia kwamba itasimama kwa mwingine. Isitoshe, baada ya kifo cha Ojwang, watu kadhaa, wakiwemo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji, nao wakakana. Moyo wangu ungependa kuwahukumu mara moja. Lakini nikifanya hivyo, nitakuwa nimeirudia imani ileile niliyoikanusha. Nao wana haki ya kusikizwa, na upande wa mashtaka una wajibu wa kuthibitisha.

Kwa hivyo, ewe msomaji mwenzangu, utakaposikia kwamba fulani amekamatwa, usiulize alifanya nini. Uliza kwanza yuko wapi, na lini atafikishwa mbele ya hakimu.