Shifti Haiishi Getini

Wasee, kuna swali moja huwa hatuulizi tukienda kutafuta kazi ya godauni. Tunauliza mshahara ni ngapi, ofu ni siku gani, na kama kuna lanchi ama mtu ajipange. Ni wachache sana huuliza: nikitoka hapa saa nne usiku, nafika kwangu na nini?

Mimi naona hilo ndilo lingekuwa swali la kwanza. Kazi ya masaa nane inaweza kula masaa kumi na moja ya maisha yako, na hayo matatu ya juu hakuna mtu anayalipa. Yanaishia kwa steji, kwa foleni ya kusachiwa, na ndani ya gari linalozunguka mitaa ya watu wengine kabla lifike kwenu.

Nitaongea na mfano ninaoujua. Kwa miezi kadhaa nilikuwa karani wa stoo kwa godauni moja upande wa Mombasa Road, hapo kati ya Cabanas na Mlolongo, mahali kila geti lina malori yanangoja. Huko kazi hailali. Kuna mizigo inatoka Mombasa na treni ya SGR hadi bandari kavu ya Embakasi, ingine inashuka na ndege JKIA, na kontena haiulizi kama ni usiku. Kwa hivyo tulikuwa na shifti tatu: saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane, saa nane hadi saa nne usiku, na saa nne hadi asubuhi. Kampuni ilikuwa imekodi basi moja la watu 33. Bosi akaniambia kwa vile najua Excel, nipange ruti.

Hapo ndipo nilielewa kwamba kupanga basi si kuchora laini kwa ramani. Ni kuamua nani atalala masaa sita na nani atalala manne.

Anza na hesabu ya steji. Chukua watu 30 wanaoshuka kwa steji 11. Kila kusimama, kushusha watu na kurudi barabarani, weka dakika tatu. Hiyo ni zaidi ya nusu saa imeenda, na bado hujahesabu mwendo wenyewe. Sasa ongeza kwamba nusu ya watu wako Pipeline, Tassia, Donholm na Kayole, na wengine wako Kitengela. Kitengela unapita Mlolongo na Athi River ndio ufike. Pipeline unarudi nyuma upande wa tao. Ni kama kumwambia dere ashike njia mbili kwa wakati mmoja. Basi likiwa moja, lazima kuna watu watapelekwa kutembezwa wakiwa wamechoka, ndio wengine wafike.

Ukigawa hao watu kwa matatu tatu za watu 14, moja iende Kitengela, moja Pipeline na Tassia, moja Donholm na Kayole, unapata viti 42 na kila gari lina steji tatu ama nne tu. Ndio, pengine bei itapanda. Lakini hiyo bei mtu huwa anailipa tu. Kama si kampuni, ni mfanyakazi anailipa na usingizi wake.

Halafu kuna hili: jina la mtaa si mahali pa kushuka. Nilipouliza watu "unaishi wapi?" nilipata listi safi kabisa. Nilipobadilisha nikauliza "saa tano usiku unaweza kushuka wapi bila kuogopa?" listi ikabadilika. Mchana mtu anakata kichochoro dakika tano yuko kwa keja. Usiku hicho kichochoro hakuna anayekigusa, anazunguka barabara yenye taa na maduka yaliyo wazi. Wanaume wachache walibadilisha majibu. Wanawake walibadilisha karibu wote. Kama ungepanga basi ukitumia lile swali la kwanza, karatasi ingekaa poa lakini watu wangeendelea kukimbia gizani na simu wameficha kwa soksi.

Kitu kingine ambacho hakiko kwa ramani yoyote ni geti. Kwa godauni lazima usachiwe ukitoka. Sawa, tunaelewa, mali ni ya watu. Lakini kwetu kulikuwa na masoja watatu wa kiume na soja mmoja wa kike. Laini ya wanaume ilikuwa inaisha saa nne na dakika kumi. Ya wanawake ilikuwa inaisha saa nne na nusu. Basi lilikuwa linatoka saa nne na robo. Fikiria hapo. Hakuna mtu aliketi akaamua wanawake waachwe, lakini kila usiku kuna wanawake walikuwa wanaachwa, halafu wanaambiwa wajifunze kuharakisha.

Na kuna haki ya zamu pia. Mtu wa mwisho wa ruti asubuhi anachukuliwa wa kwanza, saa kumi na dakika kumi, bado jogoo wamelala. Jioni gari likifuata njia ile ile kwa kurudi, huyo huyo ndiye anashushwa wa mwisho. Anaumizwa mara mbili kwa sababu tu nyumba za bei anayoweza ziko mbali. Dawa yake haigharimu hata shilingi: kwa ruti inayozunguka, gari lianze upande huo huo jioni, ili aliyeamka mapema zaidi ashuke mapema zaidi.

Lakini tatizo kubwa kuliko yote lilikuwa watu ambao hawakuwa kwa listi. Vibarua wanaoitwa siku hiyo hiyo mzigo ukizidi, hao basi haliwajui. Na watu wa ovataimu. Kontena inafika saa tatu usiku ikiwa imechelewa, supavaiza anachagua watu sita wabaki hadi saa sita kasoro. Basi limeenda zamani. Hao sita wanabaki Mombasa Road na bodaboda ya bei ya usiku, na pesa ya ovataimu inaishia hapo hapo.

Mmoja wao alikuwa dada wa upande wa kupaki, mama wa mtoto mdogo, mtu aliyejua kazi kuliko wengi wetu. Aliandika barua ya kuacha. Nilimuuliza, "Dada, si ungengoja kidogo tuone hii mambo ya gari?" Akaniambia, "Kazi sina shida nayo. Ni hiyo barabara nimechoka nayo."

Nilipeleka mpango wangu. Matatu tatu za usiku walikubali. Soja wa pili wa kike alipatikana ndani ya wiki moja, na ilikuwa mabadiliko ya bei rahisi kuliko yote. Gari la saa sita la watu wa ovataimu walikataa, wakasema watu ni wachache. Lakini ukimwambia mtu abaki, wewe ndiye umemfanya akose gari. Idadi haibadilishi hapo kitu. Kama huna gari la kumrudisha, huna ovataimu ya kumpa.

Najua kuna mtu atasema kampuni si mzazi wako, kila mtu ajipange. Hiyo inaweza kuingia akilini kwa kazi ya saa mbili hadi saa kumi na moja, wakati matatu zimejaa kila mahali. Lakini mwenye kuweka shifti iishe saa nne usiku ni mwajiri, na ndiye anakula faida ya godauni kufanya kazi usiku kucha. Usiku kama ni wa biashara yake, safari ya usiku pia ni ya biashara yake.

Hata sheria inagusa hii mambo. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, ile tunaita WIBA, inahesabu safari ya kwenda ama kutoka kazini kuwa sehemu ya kazi ikiwa mwajiri ametoa gari maalum la hiyo safari, hulipi nauli, na anayeendesha ni yeye mwenyewe ama mfanyakazi wake. Soma hapo mwisho tena. Gari likiwa la kukodi na dere ni wa mtu mwingine, ajali ikitokea mabishano yanaweza kuanza hapo hapo. Kwa hivyo si ujinga kuuliza hili gari ni la nani, dere ameajiriwa na nani, na bima yake inatufunika aje.

Sasa, kabla uweke sahihi kwa kazi ya shifti, uliza vitu vinne. Gari linashusha wapi hasa, steji gani? Linatoka geti saa ngapi, na linangoja laini ya kusachiwa iishe? Nikibakishwa ovataimu, narudi na nini? Nikiwa kibarua, niko kwa listi? Wakianza kucheka, hilo pia ni jibu.

Na kama uko kwa kazi tayari, fanya hii hesabu wiki moja tu. Andika saa unayofunga mlango wa keja ukitoka, na saa unayoufungua ukirudi. Gawa mshahara wako na masaa hayo yote, si yale manane ya rosta. Hiyo ndiyo bei yako halisi kwa saa. Ukishaijua, nenda na wenzako mkaongee na bosi kuhusu gari.