Kijiji, mji, na swali ambalo hatukumuuliza Mama

Najua mmenilaumu sana kwa ukimya wangu. Naombeni mnisamehe. Si mnajua maisha ya huku yalivyo, ukitoka kazini umechoka, ukiamka unakwenda kazini. Wale mnaonitania kuwa nimekuja Marekani kubeba maboksi, hamjakosea hata kidogo. Ghala letu liko Wilmer, si mbali na hapa DeSoto ninapokaa, na siku hizi nipo zamu ya usiku. Ila leo nimepumzika, nimesonga ugali wangu, dagaa wa Mwanza walioletwa na mgeni mwezi uliopita bado wapo, basi nikasema leo lazima niandike. Kuna jambo limenikaa kooni.

Jambo lenyewe ni la Mama.

Wengi wenu mnajua kwamba Mama aliteleza na kuanguka mwezi wa tatu akitoka kuchota maji. Hakuvunjika, Mungu ni mkubwa, lakini sisi watoto wake tulishtuka. Tukafanya kikao cha simu, watu watano. Kaka yuko Dar, dada wawili Mwanza, mdogo wetu Geita, na mimi huku. Tukaamua Mama atoke Ukerewe ahamie Kinyerezi kwa kaka. Mimi niliye mbali kuliko wote ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu ndiye niliyeahidi kutoa hela ya kuongeza chumba pale kwa kaka. Na mnajua tena, anayetoa hela anasikilizwa. Kikao hakikufika hata saa moja. Tukampigia Mama kumjulisha. Akasema, "Haya, wanangu."

Tukafurahi. Nikatuma hela ya tofali wiki ileile.

Sasa ngojeni niwaeleze kitu kilichonirudisha nyuma, msinicheke. Ni vitabu. Katika sanduku nililokuja nalo nilikuwa na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ileile ya shule, kurasa zimekuwa njano. Yule mzee ni wa kwetu, alizaliwa Namagondo mwaka 1944, akafariki Januari 2020. Usiku mmoja wa mapumziko nilikosa usingizi (ukizoea zamu ya usiku mwili hausikii tena), nikakichukua nikaanza kukisoma upya.

Mnakumbuka tulivyofundishwa? Swali la mtihani lilikuwa lilelile kila mwaka: jadili athari za maisha ya mjini kwa vijana. Na jibu letu lilikuwa lilelile: Rosa alikuwa msichana mwema kijijini, akaenda shule, akafika Morogoro chuo cha ualimu, akaharibika. Kijiji kizuri, mji mbaya. Unapata alama zako unakwenda kucheza mpira.

Lakini nilipokisoma nikiwa mtu mzima, mwenye watoto, niliona kitabu hakisemi hivyo kabisa. Ubaya unaanza palepale nyumbani Namagondo. Zakaria, baba yake, ni mlevi. Anampiga mkewe Regina. Anapokuta barua ya kijana Charles, anampiga Rosa kipigo cha mbwa mwizi. Rosa anatoka kijijini akiwa ameshajeruhiwa, hajui mwanamume ni nini isipokuwa kitu cha kuogopwa. Mji ulimkuta hivyo. Na mwishoni anapokataliwa na Deogratias kwa sababu si bikira na kuamua kujiua, anayemkataa anatumia kipimo kilekile cha nyumbani. Kile kitabu kilitoka mwaka 1971 na kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda kabla ya kuruhusiwa. Mimi nadhani hata waliokikataza walidhani kinahusu mji tu.

Basi nikanogewa. Nikaanza kukumbuka na vingine. Katika Kichwamaji (1974) kuna Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe. Hapo hadithi imegeuka, mtu anatoka mjini kwenda kijijini. Je, anapona? Hapana. Anarudi na maswali ambayo hakuna wa kuyajibu, anawapenda watu wake lakini anawatazama kama mgeni, na anaishia kujiua. Kwa hiyo huyu mwandishi wetu hakumpa mtu yeyote mahali pa kukimbilia. Ukienda unaumia, ukirudi unaumia.

Nikamlinganisha na Shaaban Robert. Kwenye Utubora Mkulima, kilichochapwa 1968 yeye mwenyewe akiwa ameshafariki tangu 1962, Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini anakwenda Busutamu kulima. Huko anapata amani, bustani inastawi, majirani wanamheshimu. Kitabu kitamu sana. Lakini safari hii nilijiuliza, hii Busutamu ni ya nani? Ni kijiji kinachoonwa na mtu aliyechoka na ofisi. Kwa kweli ni kijiji ninachokiona mimi saa tisa za usiku nikiwa kwenye ghala: machungwa, ziwa limetulia, Mama amekaa chini ya mwembe. Kwenye picha hiyo Mama hachoti maji wala hapalilii mihogo. Amekaa tu, ananingoja mimi.

Halafu nikakikumbuka Gamba la Nyoka cha mwaka 1979, na hapo ndipo moyo uliponiruka. Kinahusu wakati wa Ujamaa, watu wanahamishwa kwa nguvu kwenda kijiji kipya, na vijana wasomi wanakuja kuwaeleza kwa nini ni kwa faida yao. Mama ametusimulia sana habari za Operesheni Vijiji. Kwao ni Bunda, na mwaka 1974 wazazi wake waliambiwa wahame. Kulikuwa na mkutano. Afisa aliongea vizuri, akasema maji yatakuwepo, zahanati itakuwepo, shule itakuwepo. Watu wakaitikia "ndiyo". Mama husema babu alirudi nyumbani akakaa kimya siku mbili, halafu akaanza kung'oa milango yake mwenyewe ili asiachiwe mtu mwingine.

Jamani, nilikifunga kichwani kile kitabu nikakaa kitandani. Sisi tulifanya nini? Tuliitisha mkutano. Tukaongea vizuri, tukasema hospitali ipo karibu, maji ya bomba yapo, wajukuu wapo. Mama akaitikia, "Haya, wanangu." Tofauti yetu na yule afisa ni kwamba yeye alikuja mwenyewe, sisi tulipiga simu.

Kabla sijawaambia nilichofanya, niwaeleze kidogo huku ninakokaa, maana Mama mwenyewe huniuliza kila mara: hiyo DeSoto ni mji au kijiji? Sijui nimjibu nini. Iko kusini mwa Dallas, sensa ya 2020 ilihesabu watu kama 56,000, wengi wao Wamarekani weusi. Ilisajiliwa kuwa mji mwaka 1949, kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya mashamba. Ardhi ya ukanda huu ni nyeusi, mfinyanzi mtupu, ndiyo iliyokuwa ya pamba. Mpaka leo haijasahau kuwa ni shamba. Kiangazi kikikauka inapasuka, inavuta msingi wa nyumba na kuta zinaingia nyufa. Kwa hiyo watu wanazungushia mipira ya maji nyumba zao na kumwagilia msingi. Naapa! Mchana wa jua kali unamwona mtu mzima anamwagilia nyumba kama mnavyomwagilia mchicha.

Jirani yangu wa kulia ni bibi wa miaka themanini na kidogo. Wazazi wake walikuwa wakilima pamba mashariki mwa Texas, wakahamia Dallas yeye akiwa mdogo. Alicheka sana nilipomwambia kuwa na sisi upande wa ziwa tulilima pamba. Ukoo wao bado una ekari kadhaa kule, na wanagombana kila mwaka wauze au wasiuze. Kila tarehe 19 Juni, siku ya kukumbuka tangazo la uhuru wa watumwa wa Texas mwaka 1865, wanakwenda wote kule, wanachoma nyama, wanasafisha makaburi, wanarudi mjini. Yeye ndiye aliyeniazima kitabu kiitwacho Cane cha Jean Toomer, cha mwaka 1923. Sehemu ya kwanza ni mashambani Georgia, ya pili ni mijini, Washington na Chicago, ya tatu msomi mmoja kutoka Kaskazini anarudi Georgia kufundisha na anashindwa kabisa kuishi pale. Nikasema loo, kumbe Kazimoto alikuwa na ndugu yake huku miaka hamsini kabla!

Na hapo jirani Cedar Hill, ndani ya hifadhi, kuna shamba la zamani la ukoo wa Penn waliolima kwa zaidi ya miaka 100. Sasa ni makumbusho. Unalipa kiingilio, unaangalia banda na majembe. Niliwapeleka wanangu. Yule mdogo akaangalia jembe, akaniuliza, "Baba, kwani Bibi anaishi makumbusho?" Nilicheka, lakini njiani nikirudi sikuwa na la kusema.

Basi Jumapili ile nikampigia Mama, peke yangu, bila kikao.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Umekula?" (Hilo ndilo swali lake la kwanza siku zote.)

Tukaongea ya mvua, ya mihogo, ya msiba wa jirani. Halafu nikamuuliza swali ambalo hakuna kati yetu watano aliyemuuliza. Nikasema, "Mama, wewe mwenyewe unataka kukaa wapi?"

Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Ningeulizwa, ningesema."

Nilitegemea atasema hataki kuondoka, kaburi la Baba liko pale uani, hapo ndipo kwake. Mimi Utubora wangu kichwani nilikuwa nimeshamwandalia maneno. Hakusema hivyo. Alisema anachoka. Alisema wale aliokuwa akiongea nao jioni wamekufa au wamechukuliwa na watoto wao Mwanza, na vijana wako migodini. "Mimi sijahama," alisema, "kijiji ndicho kimenihama." Lakini Kinyerezi hataki. Alikaa kule miezi miwili mwaka 2019, anasema kaka na mkewe wanatoka alfajiri wanarudi usiku, geti limefungwa, yeye anaongea na televisheni. Nilimsikia, jamani, na nikajiona mimi mwenyewe hapa DeSoto nilivyo.

Anachotaka ni chumba Nansio. Karibu na hospitali, karibu na soko, karibu na rafiki yake wa siku nyingi aliyehamia pale, na ambapo akiamka siku akiwa na nguvu atapanda gari aende kuangalia nyumba na kaburi, arudi jioni. Ameshaulizia na kodi. Anajua na mtu wa kumpangisha shamba. Alikuwa na mpango wote kichwani, kashautengeneza, anangoja tu aulizwe.

Ndugu zangu, siyo mjini wala siyo kijijini. Ni pale katikati ambapo vitabu vyetu havikumpeleka mtu. Rosa alipelekwa, Kazimoto alirudishwa, watu wa Gamba la Nyoka walihamishwa. Hakuna aliyeulizwa anataka nini hasa, na naona hilo ndilo Kezilahabi alilokuwa akituonyesha wakati sisi tunaandika "athari za maisha ya mjini".

Kwa hiyo naandika haya hadharani, ili kaka asome, na dada zangu wasome, na mdogo wetu asome. Kaka, usikasirike. Najua msingi umeshachimbwa na tofali zipo. Hela ile ihesabu ni ya kwako, malizia chumba, watoto wanakua watakihitaji. Ya Nansio nitaanza kutuma mwisho wa mwezi. Kosa lilikuwa langu la kwanza, mimi ndiye niliyewaharakisha, kwa sababu nilitaka niache kuwa na wasiwasi nikiwa kazini. Nilikuwa natafuta usingizi wangu, nikauita ni afya ya Mama.

Ninachoomba ni kimoja tu. Mpigieni, kila mtu kwa wakati wake, mmuulize, halafu mnyamaze mpaka ajibu. Anachukua muda. Msidhani simu imekatika.

Haya, kumekucha huku, nalala kidogo kabla ya zamu. Wasalimieni wote Nansio, Namagondo, Mwanza, Geita na Dar. Na wewe uliyebaki na Kichwamaji yangu tangu kidato cha nne, nakufahamu, mpe mgeni yeyote anayekuja Dallas aniletee. Dagaa pia msisahau.

Tuonane tena panapo majaliwa.